Sura ya Tano: Peke Yake Kutoka Makanya Hadi Shengena

Mwezi wa Julai, saa nane mchana, Makanya si mahali pa kuzungumzia baridi. Vumbi jeupe la jasi limetanda juu ya majani ya migunga kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Arusha, mkonge umejipanga kuelekea bonde la mto Pangani, na abiria wa mabasi wanapokezana chupa za maji madirishani. Hapo ni kidogo zaidi ya mita 600 juu ya usawa wa bahari. Lakini ukigeuza shingo kuelekea mashariki, milima ya Upare Kusini imesimama na mgongo wake umefunikwa na wingu. Ndani ya wingu hilo kuna kilele cha Shengena, mita 2,462. Kwa kipimo cha ramani, kutoka vumbini hadi kileleni hakufiki kilomita 30. Kwa kipimo cha ngozi, ni kutoka kutafuta kivuli hadi kutafuta blanketi.

Hesabu yake ni nyepesi. Kwa wastani, hewa hupoa kwa nyuzi 6.5 za Selsiasi kila unapopanda mita 1,000. Kati ya Makanya na Shengena kuna mita zipatazo 1,860 za kupanda, yaani nyuzi 12 za kupoteza. Alfajiri yenye nyuzi 18 bondeni huwa na nyuzi 6 kileleni, na hapo upepo haujahesabiwa, wala nguo iliyolowa ukungu.

Wanaokuja Tanzania kupanda milima huwaza Kilimanjaro, ambako baridi ni sehemu ya mkataba: kuna wapagazi, mpishi, hema la kulia chakula na mwongozaji anayekuuliza kila jioni kama kichwa kinauma. Safari ya Upare ni ya aina nyingine. Mtu huifanya na begi lake mgongoni, akipita mabonde makavu, makorongo, mashamba, vijiji na mwisho msitu. Ugumu wake hautokani na kimo, kwa sababu mita 2,462 hazimpi mtu ugonjwa wa mwinuko wa kutisha. Unatokana na kukutana na kiu na baridi ndani ya safari moja, tena wakati mwingine ndani ya siku moja.

Chanzo cha mambo ni upepo. Kuanzia Aprili hadi Oktoba, pepo za kusi hutoka Bahari ya Hindi zikiwa zimebeba unyevu. Zikigonga Upare hulazimika kupanda, na zikipanda hupoa, na zikipoa huacha maji yake upande wa mashariki, huko Mamba, Vunta na Gonja. Hewa inayovuka mgongo wa mlima na kuteremkia Vudee, Bangalala na Makanya imebaki kavu. Ndiyo maana mji wa Same hupata kama milimita 500 hadi 600 za mvua kwa mwaka mzima, zikigawanywa kati ya vuli na masika, huku misitu ya juu ikipata mara mbili zaidi ya hizo. Upande wa magharibi si jangwa kamili, lakini miti yake inaishi maisha ya jangwa: mibuyu inayotunza maji kwenye shina, minyaa inayotunza utomvu badala ya majani, na migunga yenye majani madogo na miiba mirefu.

Na kuna makorongo. Mtu aliyewahi kuona picha za nchi ya makorongo ya Utah na Arizona, kule Marekani, asitarajie kuta za mchanga mwekundu zilizochongwa na maji hadi zikakaribia kubusiana. Mwamba wa kule ni wa tabaka laini za mchanga ulioshikana. Mwamba wa Upare ni mgumu na mkongwe mno, uliopikwa kwa joto na mgandamizo chini ya ardhi, kisha ukanyanyuliwa kando ya nyufa kubwa pamoja na ndugu zake wa Tao la Mashariki, kutoka vilima vya Taita nchini Kenya hadi Udzungwa. Maji yamekata njia zake katika nyufa na katika udongo mwekundu uliolundikana miguuni mwa milima. Kwa hiyo makorongo ya hapa ni ya sura mbili: juu ni mabonde membamba yenye mawe makubwa na kijito, na chini ni mifereji mipana ya mchanga ambayo kwa miezi mingi ya mwaka ni mikavu hata mbuzi hupita katikati yake bila kulowesha kwato.

Ukavu huo ndio unaodanganya. Tarehe 12 Agosti 1997, watalii 11 walikufa ndani ya Antelope Canyon, Arizona, kwa mafuriko yaliyotokana na mvua iliyonyesha mbali nao. Walipo wao hapakuwa na dhoruba. Afrika Mashariki ina msiba wake wa namna hiyo. Aprili 2012, vijana saba waliokuwa katika ziara ya kanisa walisombwa ndani ya korongo la Hell's Gate, karibu na Naivasha, Kenya. Septemba 2019, watu wengine saba walikufa katika korongo hilo hilo, akiwemo mwongozaji wao. Kanuni inayotokana na vifo hivyo haina mjadala: katika korongo, anga la kuangalia si lile lililo juu ya kichwa chako bali lile lililo juu ya chanzo cha maji. Kwa anayetoka Makanya, hilo ni anga la Shengena. Kipupwe kina faida hapa, kwani kati ya Juni na Septemba mvua kubwa ni nadra upande mkavu, na mchanga wa korongo ni njia salama kuliko ulivyo Aprili au Novemba. Hata hivyo hakuna mwenyeji wa Makanya anayelala katikati ya mto mkavu, na mgeni asianzishe desturi hiyo.

Ila wakulima wa Makanya wana uhusiano mwingine kabisa na mafuriko. Wao huyangoja. Mvua ikipiga milimani, maji hushuka kwa kishindo yakiwa mekundu kwa udongo, na watu hukimbilia mashambani kuyageuza kwa matuta na mifereji ili yaingie kwenye mahindi kabla hayajapotelea kwenye mchanga. Furiko moja likishikwa vizuri linaweza kuamua kama kutakuwa na mavuno. Maji yale yale yanayoua wageni kwenye korongo la Naivasha, hapa yanagombaniwa.

Kutoka bondeni, njia ya mtembeaji inapanda kupitia Bangalala kuelekea Vudee. Ardhi inaanza kusimama. Makinga maji yanakata miteremko kwa mistari, mahindi yanakuwa mafupi lakini ya kijani, na pembeni ya njia mfereji mwembamba unatiririka kinyume na mwendo wa mtu. Kisha, mahali ambapo mgeni hakutegemea, linatokea bwawa dogo lililozungushiwa ukuta wa udongo na mawe. Hiyo ni ndiva.

Ndiva ni jibu la Wapare kwa swali gumu. Kijito cha kiangazi ni chembamba. Ukikifungulia moja kwa moja shambani, maji hunywewa na ardhi kabla hayajafika mwisho wa mfereji. Basi usiku kucha, watu wanapolala, kijito hujaza ndiva. Asubuhi mlango hufunguliwa, na maji yaliyokusanyika hutoka kwa nguvu ya kutosha kufika shamba la mbali. Anayestahili kufungua leo si anayestahili kesho. Kuna zamu, kuna kamati, kuna faini kwa mwizi wa maji, na kuna msaragambo, siku ambayo kila nyumba hutoa mtu wa kuzibua mfereji na kuchota matope yaliyojaa ndani ya bwawa. Asiyetokea msaragambo hawezi kutoa sauti kubwa siku ya kugawana maji.

Mfumo huu ulivutia watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzao kutoka Uholanzi, Sweden na Afrika Kusini, ambao miaka ya 2000 walipima mito ya bonde la Makanya na kuwahoji watumiaji wake. Walichokikuta si bwawa moja bali mtandao mzima: mabwawa ya Vudee juu, ya Bangalala katikati, likiwemo la Manoo, na wakulima wa mafuriko wa Makanya chini. Walio juu wanaweza kukausha kijito wakitaka. Walio chini hawana silaha isipokuwa mazungumzo, undugu na makubaliano. Na kadiri ulivyokwenda mbali na chanzo, ndivyo makubaliano yalivyokuwa magumu kushikwa. Watu wa kijiji kimoja hukutana misibani na harusini, hivyo wana sababu ya kusikilizana. Mkulima wa Makanya na mkulima wa Vudee hawana hakika ya kukutana.

Yote haya yanamhusu mtu aliyebeba begi. Mtembeaji wa kiangazi anahitaji angalau lita nne za maji kwa siku ya kupanda, na lita nne ni kilo nne. Atataka kujaza chupa njiani. Lakini maji anayoyaona yakipita kwenye mfereji saa tatu asubuhi ni zamu ya mtu fulani mwenye jina na shamba. Kuchota chupa hakumkoseshi mtu mavuno, na hakuna atakayemnyima mpita njia maji ya kunywa; lakini kuoga ndani ya ndiva, kufulia soksi, au kusogeza jiwe la mlango ili achote vizuri ni kuingilia mkataba ambao watu wamechoka nao mikono. Na akishachota, achemshe. Mfereji umepita kwenye mashamba, kwenye nyayo za ng'ombe na mahali watoto wanapochezea. Homa ya matumbo haijali kwamba maji ni baridi na yanang'aa.

Fasihi ya watembeaji wapweke imeandikwa zaidi na watu wa nchi zenye nafasi tupu. Mmoja wa wakubwa wao ni Colin Fletcher, Mwelisi aliyepigana Vita Kuu ya Pili ya Dunia, akaishi Kenya kwa miaka kadhaa baada ya vita, kisha akahamia Marekani. Mwaka 1963 alitembea peke yake urefu wa hifadhi ya Grand Canyon kwa muda wa miezi miwili hivi, na kitabu chake cha safari hiyo, kilichotoka mwaka 1968, kiliwafanya maelfu ya watu wanunue mabegi ya mgongoni. Lakini Fletcher hakuishi kwa upweke wake. Kabla ya kuanza alikuwa ameficha akiba za chakula njiani, na akiba nyingine aliangushiwa kwa ndege. Upweke wake uliandaliwa na watu.

Wawili wengine wanaonyesha gharama ya kutokuandaa. Everett Ruess, kijana wa miaka 20, msanii, aliingia nchi ya makorongo ya Utah na punda wawili mwezi Novemba 1934, baridi ikianza. Punda walipatikana. Yeye hakupatikana, na hadi leo watu wanabishana kuhusu kifo chake. Aron Ralston aliingia Bluejohn Canyon, pia Utah, Aprili 2003 bila kumwambia mtu yeyote anakokwenda. Jiwe kubwa likamkandamiza mkono ukutani. Mchana alikuwa na kiu, usiku alitetemeka kwa baridi iliyotuama chini ya korongo, na baada ya saa 127 alijikata mkono ili atoke akiwa hai. Hakuna aliyekuwa akimtafuta siku za mwanzo kwa sababu hakuna aliyejua pa kumtafutia.

Kupotea kwa namna ya Ralston ni vigumu sana kati ya Bangalala na Vudee, na sababu yake ni maswali. Mtu mwenye begi kubwa, anayetembea peke yake bila mzigo wa kuuza wala msiba wa kwenda, hawezi kupita nyumba tatu bila kusalimiwa. Akishamwamkia mzee "Shikamoo" na kuitikiwa "Marahaba", mahojiano huanza: Unatoka wapi, mwanangu? Unakwenda kwa nani? Mbona uko peke yako? Jana umelala wapi? Mgeni kutoka mjini anaweza kuyaona maswali hayo kuwa udadisi. Kwa kazi yake, ni daftari la uokoaji. Jioni hiyo watu wa kitongoji kizima watajua kuna mtu mwenye jaketi la bluu aliyepanda kuelekea kijiji cha Chome saa nne, amevaa raba, hana panga, na anasema atarudi kesho kutwa. Asiporudi, kuna wa kuuliza.

Kwa sababu hiyo hiyo hema halifunguliwi popote tu. Ardhi inayoonekana tupu ni malisho ya mtu, au shamba lililopumzishwa, au msitu wa ukoo. Upare ina misitu midogo iliyotunzwa kwa imani kwa vizazi vingi, ikiwemo mishitu, ambako vijana waliingizwa jandoni na kufundishwa utu uzima. Kulala humo bila idhini ni sawa na kutandika godoro msikitini au kanisani. Utaratibu unaofaa ni kwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji, kujitambulisha, kueleza safari, na kuonyeshwa pa kulala. Mara nyingi patakuwa uwanja wa shule au wa kanisa, au nyuma ya nyumba ya mtu, na mara nyingi mgeni ataletewa makande kabla hajamaliza kupigilia vigingi. Kwa mtu anayepambana na baridi, chakula hicho cha mahindi na maharage kina thamani ya pekee: hukaa tumboni muda mrefu na huupa mwili kitu cha kuunguza hadi alfajiri.

Usiku Vudee, baridi ina tabia ambayo ramani haionyeshi. Upande mkavu una anga safi kuliko upande wa mvua, na anga lisilo na wingu huacha joto la ardhi litoroke. Hewa iliyopoa ni nzito, hivyo huteremka mteremko na kutuama mabondeni. Mtu aliyepiga hema kando ya kijito, kwa kufikiri kwamba chini kuna kinga ya upepo, anaweza kuamka na baridi kali kuliko aliyelala mita 30 juu yake ubavuni mwa mlima. Wenyeji wa milimani wamejenga nyumba nyingi ubavuni na migongoni, na kitanda cha mgeni kifuate nyumba hizo.

Wengi hudhani baridi inaua penye barafu tu. Mwili wa binadamu huanza kushindwa joto lake la ndani likishuka chini ya nyuzi 35, na hilo linaweza kutokea hewa ikiwa na nyuzi 8 au 10, mradi mtu amelowa, amechoka, ana njaa na upepo unampiga. Dalili huja kwa mpangilio: kutetemeka, vidole kushindwa kufunga zipu, maneno kuteleza mdomoni, kisha akili kulegea kiasi kwamba mgonjwa mwenyewe hajui kama anaumwa. Hapo ndipo hatari ya kuwa peke yako inapolala. Wakiwa wawili, mmoja atamwona mwenzake akipepesuka. Mpweke lazima aweke sheria zake mapema, akili ikiwa bado nzima: nikilowa na kuanza kutetemeka nikiwa natembea, nageuka; saa nane ikinikuta sijafika kileleni, nageuka.

Vifaa vyenyewe si vya anasa. Adui wa kwanza ni fulana ya pamba, kwa sababu pamba ikilowa jasho hukaa na maji na kuunyonya mwili joto. Sweta la sufu la mtumba kutoka soko la Same linashinda jaketi jipya la kupendeza lisilozuia mvua, kwani sufu hupasha joto hata ikiwa imelowa. Juu yake livaliwe koti la mvua la kweli. Chini ya mfuko wa kulalia pawe na kitu kinene, hata kama ni sponji nyembamba iliyokunjwa mara mbili, maana ardhi hunyonya joto kuliko hewa. Nguo kavu za kulalia zifungwe ndani ya mfuko wa plastiki na zisivaliwe mchana kwa sababu yoyote. Tochi ya kichwani, viberiti mahali pawili tofauti, na tangawizi ya kuchemsha. Hii ya mwisho haihitaji kusafirishwa kutoka mjini: Same ni wilaya ya tangawizi, na Mamba Miamba, upande wa pili wa mlima, kuna kiwanda cha kuisindika.

Njia za miguu zinazomwezesha mtu huyu kupanda ni za kale kuliko wazo lenyewe la kutembea kwa kujifurahisha. Karne ya 19 misafara ya pwani ilipita chini ya milima hii ikielekea Kilimanjaro, na watu wa Upare waliitazama kutoka juu kwa tahadhari, kwa kuwa misafara iliweza kununua chakula na iliweza pia kununua watu. Mwaka 1890 Oscar Baumann, mpelelezi kutoka Austria, alipita Usambara na Upare akichora ramani, na mwaka uliofuata alichapisha kitabu juu ya safari hiyo.

Lakini safari kubwa ya miguu katika historia ya Upare ilikwenda kinyume, kutoka baridini kushukia joto. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 serikali ya Waingereza ilileta kodi iliyopangwa kwa kukadiria mali ya kila mtu, iliyojulikana kama mbiru. Watu hawakukubali jinsi makadirio yalivyofanywa. Mwaka 1945 maelfu ya wanaume kutoka maeneo yote ya Upare waliteremka hadi Same, wakapiga kambi makao makuu ya wilaya na kudai jibu. Wanawake wa Usangi nao baadaye waliandamana. Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikiandikia kisa hicho kitabu kidogo kilichotoka mwaka 1971. Kodi ile hatimaye ilifutwa. Anayepanda leo kwa njia hizo akihema, ajue wapo walioziteremka kwa maelfu wakiwa na chakula cha kubeba tu na hawakujua watakaa bondeni siku ngapi.

Juu ya mashamba ya Chome mambo hubadilika ghafla. Mstari wa msitu ni mkali: hatua moja nyuma kuna maharage, hatua moja mbele kuna giza la kijani. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Chome, inayosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, ina zaidi ya hekta 14,000, na haiingiwi kimyakimya. Mgeni hulipia kibali na huandamana na mwongozaji kutoka vijijini. Kwa anayejisifu kwamba amekuja peke yake, hapa upweke unakoma kwa mujibu wa utaratibu, na ni heri. Ukungu wa Julai unaweza kufuta njia ndani ya dakika chache, na vijia vingi ndani ya msitu huu havikukatwa kwa ajili ya watalii. Vingine ni vya waliokuja kupasua mbao za mkulo, mti wa thamani uliowindwa kwa miongo mingi, na vinaishia penye kisiki.

Ukungu wenyewe una kazi. Miti imevaa kuvu na kuvumwani, na kila jani hukamata matone madogo yanayopita na upepo, yakaungana na kudondoka. Mtembeaji hulowa hata pasipo mvua. Maji hayo yanayodondoka shingoni mwake ni sehemu ya maji yatakayojaza ndiva usiku, na ndiyo sababu wazee wa upande mkavu hushtuka wanaposikia msumeno au wanapoona moshi juu ya mgongo wa mlima.

Katika matawi hayo huishi ndege mdogo mwenye mgongo wa kijani, tumbo la kijivu na duara jeupe kuzunguka jicho, ambaye makazi yake duniani kote ni milima ya Upare Kusini pekee. Wanasayansi humwita Zosterops winifredae, kwa heshima ya Winifred Moreau, aliyefanya utafiti wa ndege nchini Tanganyika pamoja na mumewe Reginald Moreau, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara. Ndege huyo hutembea kwa makundi, huchakura majani kwa kelele nyembamba, na hana haya sana mbele ya watu. Mtu aliyesimama akitetemeka akinywa chai ana nafasi nzuri ya kumwona kuliko anayekazana na njia.

Karibu na kilele miti hufupika, na vichaka vya jamii ya erika, mimea inayostahimili baridi, huchukua nafasi. Siku ikifunguka, Kilimanjaro huonekana kaskazini-magharibi, na upande wa pili hifadhi ya Mkomazi, iliyokuwa pori la akiba tangu mwaka 1951 kabla ya kupandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa, hujitandaza tambarare mpaka Kenya. Siku isipofunguka, na Julai hilo ni jambo la kawaida, kilele ni mita chache za majani yaliyolowa na upepo usiokatika. Hapo si mahali pa kukaa. Mwongozaji atasema twende, na ana haki.

Kurudi kwa njia ya Vudee ndiyo chaguo rahisi. Wenye miguu iliyobaki huvuka kuteremkia Mamba, huko Giti ambako wamisionari wa Kisabato kutoka Ujerumani walianza kazi yao mwaka 1903. Huko ni nchi nyingine: migomba, kahawa, tangawizi, udongo unaonata kwenye soli. Maji yaliyokuwa yakihesabiwa kwa zamu magharibi, mashariki yanaweza kuwa mengi mno. Novemba 2009, baada ya mvua kubwa, ubavu wa mlima uliporomoka usiku katika kijiji cha Goha na kuua zaidi ya watu 20. Tangu hapo mtu mwenye kupanga safari ya vuli anapaswa kuuliza mbele kuhusu hali ya miteremko na barabara kabla hajavuka mgongo wa mlima, na jibu la wenyeji likiwa ni kungoja, angoje. Wakati wa kipupwe njia huwa imara zaidi, na shida inayobaki ni ya usafiri: magari yanayounganisha vijiji hivi na Same hupenda kuondoka alfajiri, hivyo anayeteremka mchana hulala Mamba au Gonja, akamtafuta mwenyekiti, akajitambulisha tena.